Utume Uzaao Matunda: Mafunzo ya Tenke na Kolwezi

Yeyote aliyesafiri kwa garimoshi katika nchi ya Lualaba aijua Tenke. Hapo ndipo reli itokayo Lubumbashi inapogawanyika. Tawi moja laelekea kaskazini, Bukama na Kamina hata Kasai. La pili laelekea magharibi, Kolwezi na Dilolo, kisha lavuka mpaka wa Angola na kushuka hadi bandari ya Lobito. Tawi hilo la pili lilikamilika mwaka 1931, na tangu siku hizo Tenke imekuwa mahali pa kupokea wageni. Mwaka 2009 mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba na kobalti, na wageni wakazidi: vijana watafutao kazi, wafanya biashara, mafundi, wajane wenye watoto, watu wa makabila mengi na desturi nyingi.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akija asipate wa kumtazama usoni, hapo haponi mgeni wala mwenyeji. Kwa hiyo yatupasa kuuliza swali ambalo kila parokia ya nchi ya shaba, ndogo kwa kubwa, yapaswa kujiuliza. Ni kitu gani kinachoufanya utume wa Kanisa uwafikie watu kweli? Twaweza kuwa na kwaya tatu, sare nzuri za vyama, na sikukuu ya msimamizi inayofana kila mwaka. Tena, tukitoka nje ya ua wa kanisa saa nne za asubuhi, siku ya shule, twamkuta mtoto wa miaka kumi amebeba mfuko wa mawe kichwani. Mtoto huyo amebatizwa. Pengine jina lake limo katika vitabu vyetu. Je, utume wetu umemfikia?

Hatutajibu kwa maneno matupu. Nchi ya Lualaba yenyewe imepata kuona mambo yaliyozaa matunda na mambo yaliyokauka, nasi tutayatazama moja baada ya jingine.

KAMPUNI ILIYOTOA KILA KITU

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Hapo kwanza wafanyakazi wake walikuja kwa muda mfupi, kisha wakarudi vijijini. Baadaye, kuanzia miaka ya 1920, kampuni ilitaka wakae na wake zao na watoto wao katika kambi. Ikawajengea nyumba, ikawapa posho ya unga, ikafungua hospitali, na shule ikazikabidhi kwa misioni. Mfanyakazi alipata karibu kila kitu kutoka katika mkono wa kampuni, tangu kuzaliwa kwa mtoto wake hata kuzikwa kwa baba yake. Jambo moja tu hakulipata: hapakuwa na mtu wa kumwuliza, “Wewe ni nani? Moyo wako wataka nini?”

Katika kambi za namna hiyo, huko Ruwe karibu na Kolwezi, alifika mwaka 1953 Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Alikuwa ameingia Kongo tangu mwaka 1933, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilikuwa kimepigwa chapa Elisabethville, mji ambao leo waitwa Lubumbashi. Hakuwa mgeni, basi, wala mtu asiyejua kazi yake. Hata hivyo yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi kama bwana mkubwa: alifundisha, aliamuru, alihukumu, na mafundisho yake hayakushika mizizi. Kisha alijaribu kuyavika mafundisho yale nguo za Kiafrika, akitafuta mifano na misemo ya wenyeji. Hata hapo matunda yalikuwa machache. Mwisho aliacha kusema kwanza, akaanza kuuliza na kusikiliza.

Aliwauliza wafanyakazi na wake zao ni kitu gani wanachokitamani kupita vyote. Jibu lao likakusanywa katika maneno matatu ya Kiswahili ambayo wazee wa Kolwezi wayajua: uzima, uzazi, mapendo. Padre akashangaa kuona kwamba yeye naye, mtu wa Ulaya na mtawa, alitamani mambo hayo hayo. Tangu hapo hakukuwa tena na mwalimu upande mmoja na wanafunzi upande wa pili. Padre alifungua moyo wake kwa watu, nao wakamfungulia wao. Watu wale walijiita Jamaa, wakaitana baba na mama. Mume na mke walifundishwa kukaa pamoja na kuambiana yaliyomo moyoni. Kwa mfanyakazi wa mgodi, aliyerudi nyumbani jioni amechoka na aliyezoea kumwona mkewe kama mpishi wa bukari tu, jambo hilo lilikuwa kama kuolewa upya. Jamaa ikaenea kambi kwa kambi, ikafika Elisabethville na hata Kasai, bila gari wala fedha za kutoka mbali.

Hatuna budi kusema pia upande wa pili, kwa maana ukweli hauichafui kazi njema. Padre Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 asirudi tena. Baadaye vikundi vingine vilijifunga katika siri zao, vikajiona bora kuliko Wakristu wenzao, na mafundisho yao yakapotoka. Katika miaka ya 1970 maaskofu walilazimika kuingilia kati na kuweka masharti. Twajifunza hapa mambo mawili. Kukutana na mtu moyo kwa moyo ndio mwanzo wa utume wote. Lakini kikundi kikifunga mlango wake, hata mapendo yaliyomo ndani huharibika kama maji yaliyokwama shimoni.

TRENI ZA MIAKA YA 1992 NA 1993

Sasa twakumbuka habari ya huzuni, ambayo wengi wangependa isisemwe. Mwaka 1992 na 1993, kwa uchochezi wa wanasiasa, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi wao walizaliwa humo, na baba zao ndio walioletwa na kampuni kufanya kazi. Walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Walilala siku nyingi katika vituo vya reli wakingoja treni, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, hasa watoto. Reli iendayo Kasai kutoka miji hiyo yapita Tenke. Basi mizigo hiyo ya machozi ilipita hapa.

Waliofukuza na waliofukuzwa, wengi wao walikuwa Wakristu. Walikuwa wamekaa benchi moja kanisani, wamepokea Ekaristi moja, wameimba nyimbo zile zile. Hatusemi haya ili kumhukumu mtu. Twasema kwa sababu siku kama hiyo ndiyo mtihani wa utume. Idadi ya ubatizo haikutosha kumzuia jirani asimfukuze jirani.

Maaskofu wa Kongo walikuwa wameliona jambo hili mapema. Katika mkutano wao mkuu wa mwaka 1961, zaidi ya miaka thelathini kabla ya treni zile, walichagua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai za Kikristu, watu wachache waishio mtaa mmoja, wanaojuana kwa majina, wanaosali pamoja na kusaidiana. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki nao walishika njia hiyo katika miaka ya 1970. Maana ya jumuiya hizo ni rahisi. Parokia ya watu elfu tano haiwezi kujua kwamba mama fulani hajawasha moto tangu jana. Nyumba kumi za mtaa mmoja zaweza kujua kabla jua halijatua.

Lakini tuangalie sana. Jumuiya yapaswa kukusanya majirani, wala si ndugu wa kabila moja. Pale ambapo wenyeji wakaa katika jumuiya yao, na wageni waliofuata mgodi wakaa katika yao, kila kikundi na lugha yake na kwaya yake, tumejenga kambi nyingine tu. Mgeni aliyefika Tenke juzi, asiyejua mtu, ndiye anayepaswa kubishiwa hodi kwanza. Tusipobisha sisi, wengine watabisha. Kisha tutalalamika kwamba Wakatoliki wanahamia vyumba vya sala vya jirani. Mara nyingi hawakuhama kwa ajili ya mafundisho. Walihama kwa sababu huko mtu aliwauliza jina.

MASISTA WALIOANZA KWA KUULIZA

Tuje sasa katika habari za miaka yetu. Mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali mwaka 1967, ikawa kampuni ya Gécamines. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ilikatika, hospitali zikakosa dawa, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Baba aliyelelewa na kampuni tangu utoto akajikuta hana kampuni. Akachukua sururu, akaenda kuchimba kwa mkono. Mama akafuata kuosha mawe mtoni. Mtoto akamfuata mama.

Kobalti ya Kongo ni kama sehemu saba katika kumi za kobalti yote ichimbwayo duniani, nayo hutumika katika betri za simu na za magari ya umeme. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 yamlinda mtoto na kazi za namna hiyo. Lakini sheria peke yake haipiki chakula cha jioni.

Mwaka 2012 Masista wa Mchungaji Mwema, ndio Bon Pasteur, walianza kazi Kolwezi. Kati yao alikuwapo Sista Catherine Mutindi, Mkenya. Hawakufika na mpango uliokwisha kuandikwa. Kwanza walikwenda mitaani, kama mtaa wa Kanina, wakatazama na kuwasikiliza watu. Waliwakuta watoto wakichimba, wakichagua na kuosha mawe. Wakawakuta wasichana na wanawake wakiteswa na kudhulumiwa machimboni. Wakawakuta wazazi waliojua vema hatari hiyo, lakini wasioona njia nyingine.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye fundisho kubwa. Mtu mwenye haraka angejenga shule, akaweka ubao wa jina lake, akaenda zake. Masista walijenga masomo ya watoto, ndiyo. Lakini walielewa kwamba mtoto aendaye machimboni huleta nyumbani fedha za unga. Ukimtoa machimboni asubuhi bila kujaza pengo lile, atarudi machimboni jioni, tena kwa siri. Kwa hiyo waliishika nyumba nzima. Watoto walipata masomo, na chakula pamoja na masomo. Wazazi walifundishwa kulima na kujiunga pamoja, ili nyumba ipate riziki nje ya mgodi. Wasichana na wanawake walijifunza ushonaji na ufundi mwingine. Na watu wa mtaa walifundishwa haki zao, wapate kusema wenyewe mbele ya wakubwa na mbele ya makampuni. Mambo manne, na kila moja lashikilia jingine kama mafiga yashikiliavyo chungu. Mamia ya watoto waliacha machimbo wakarudi darasani. Mwaka 2019 Sista Catherine alipewa huko Marekani Tuzo ya Opus, yenye dola milioni moja kwa ajili ya kazi hiyo.

Tuzo ni jambo la heshima, lakini tusiliweke mbele ya kazi. Hata leo watoto wangali machimboni, na mtu mwaminifu hasemi kwamba vita imekwisha. Twasema tu kwamba njia imeonekana: uliza kwanza, kisha shika nyumba nzima, kisha kaa.

MSAMARIA NA MWENYE NYUMBA YA WAGENI

Sote twaijua habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Wengi huikumbuka huruma yake tu. Lakini tukiitazama kwa makini, twaona kwamba alikuwa pia mtu wa akili na utaratibu, na kila alilofanya lafaa kuwa kanuni ya utume wetu.

Kwanza, alikaribia. Kuhani na Mlawi walimwona mtu yule kama yeye alivyomwona. Tofauti ni hatua chache za miguu. Halmashauri ya parokia yaweza kuzungumza habari za maskini mwaka mzima bila kuingia nyumba moja. Hatua zile chache hazina badala.

Pili, alitumia alichokuwa nacho: mafuta, divai, kitambaa, mnyama wake. Hakungoja msaada kutoka ng'ambo. Parokia nyingi za nchi ya shaba zina walimu waliostaafu, wakunga, mafundi wa umeme, wanawake wajuao kilimo. Hao ndio mafuta na divai yetu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tatu, alimshirikisha mwingine. Alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wagani, asitake kufanya yote peke yake. Ndivyo Kardinali Joseph Malula alivyofanya Kinshasa, alipowaweka kuanzia mwaka 1975 walei wenye ndoa, walioitwa bakambi, kuongoza parokia pamoja na mapadre. Ndivyo alivyokuwa Mwenye heri Isidori Bakanja, kijana fundi wa kujenga, aliyekufa mwaka 1909 kwa sababu ya mapigo aliyopigwa kwa ajili ya imani yake: hakuwa padre wala katekista wa mshahara, lakini alisali na kuwafundisha wenziwe kazini. Utume unaomtegemea mtu mmoja hufa siku anapohamishwa mtu huyo. Wazee walisema: Mkono mmoja haulei mwana.

Nne, alitoa fedha kwa hesabu, tena mbele ya mtu: dinari mbili. Jambo hili lahitaji kusemwa wazi katika nchi yenye migodi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yaagiza kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Fedha hizo zaweza kujenga zahanati na visima. Zaweza pia kuwanyamazisha viongozi. Parokia ikipokea zawadi ya kampuni, na isomwe kanisani: imetoka wapi, ni kiasi gani, imetumika namna gani. Zawadi iliyosomwa hadharani haiwezi kuununua ulimi wa padre wala wa mwenyekiti wa baraza. Tena mkristu aliyechaguliwa kuwawakilisha wenzake mbele ya kampuni ajue kwamba huo nao ni utume, sawa na kusoma somo la kwanza Dominika.

Tano, aliahidi kurudi. Wengi wetu tunaanguka hapa. Twatembelea hospitali wakati wa Kwaresima, twapiga picha, na mgonjwa hatuoni tena mpaka Kwaresima ijayo. Mtu maskini huzijua ziara za namna hiyo, naye huzipokea kwa adabu, lakini moyo wake haufunguki. Afadhali jumuiya moja imshike mgonjwa mmoja kila juma, kuliko chama kizima kiwazuru mia moja kwa siku moja.

TUHESABU NINI?

Kila mwisho wa mwaka parokia huandika hesabu zake: ubatizo wangapi, ndoa ngapi, sadaka kiasi gani. Hesabu hizo ni za lazima, wala hatuzidharau. Lakini twaomba ziongezwe nyingine, ambazo jumuiya ya nyumba kumi yaweza kuzijibu bila kalamu ya mtaalamu. Katika mtaa wetu ni watoto wangapi ambao hawakwenda shule juma hili, na kwa sababu gani? Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba shule ya msingi ya umma ni bure, na shule za Kanisa zilizo chini ya mapatano ya mwaka 1977 na serikali zimo katika hesabu hiyo. Kama mtoto bado hajaenda, ni daftari, ni sare, au ni njaa? Ni wageni wangapi waliofika, na nani aliwabishia hodi? Ni nyumba ngapi zina ugomvi wa mume na mke ambao wote tunausikia usiku na hakuna aendaye asubuhi? Ni nani miongoni mwetu anayesemwa kwa ajili ya kabila lake, na nani amemtetea?

Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, aliuambia ulimwengu kwamba Afrika si mgodi wa kunyonywa wala ardhi ya kuporwa. Tulipiga makofi. Neno hilo latuhusu na sisi. Ni rahisi kumnyoshea kidole tajiri wa mbali. Lakini mnunuzi wa mawe anayempunja mtoto pale njiani, pengine twasali naye. Na mama anayeosha mawe huku mtoto mchanga yu mgongoni, pengine ni dada wa kwaya yetu, nasi hatujapata kumwuliza kwa nini hafiki mazoezini.

Enyi wazazi, walimu, makatekista, na ninyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili: Dominika ijayo baada ya Misa msitawanyike mara moja. Kila jumuiya na ikae chini ya mti kwa nusu saa, ichague nyumba moja tu, ile iliyo mbali zaidi na kanisa, au ile ya mgeni wa mwisho kufika. Waende wawili, mwanamume na mwanamke, bila zawadi kubwa na bila hotuba. Wabishe hodi, waketi, waulize hali, wasikilize mpaka mwisho. Kisha wawaambie wenye nyumba siku watakayorudi, na siku hiyo wasikose.

Mungu awabariki wote watakaotoka, na Mama Maria awasindikize njiani.